Grizel Laidlaw Aombwa Afya

Kila asubuhi, kabla hajasema neno na binadamu yeyote, Grizel Laidlaw alishuka na ndoo yake hadi pale kijito kinapojikunja na kuanza kutiririka kuelekea kusini. Hapo ndipo alipochota maji, hata theluji ilipofunika mawe, ingawa kisima kilikuwa hatua ishirini tu kutoka mlangoni pake. Wakati wa kurudi hakuitikia salamu ya mtu. Majirani walikuwa wameshazoea. Aliyekutana naye njiani aliinamisha kichwa na kumpisha. Mpaka chungu kiwe juu ya moto na maji yaanze kuchemka ndipo alipofungua kinywa, na mara nyingi neno lake la kwanza la siku lilimwendea ng'ombe.

Maji yale ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Mtu wa kijiji chao cha Cauldburn akipatwa na maradhi yasiyoeleweka, shati lake lililetwa kwa Grizel. Naye alilipeleka kijitoni kimya kimya, akalifua katika maji yaendayo kusini, akalirudisha kimya kimya, na mgonjwa akavishwa likiwa bado bichi. Wengine walipona. Wengine walikufa wakiwa na shati safi. Shangazi wa mama yake ndiye aliyemfundisha, na pamoja na habari za shati alimfundisha mambo mengine yenye manufaa zaidi: namna ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, majani ya kuzuia damu, jipu la kupasua na jipu la kuliacha lipasuke lenyewe.

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Mumewe, Wat Telfer, alipondwa na mkokoteni wa mawe mwaka ule daraja lilipojengwa. Kati ya watoto wao watano, wanne walikuwa makaburini, na wa tano alikuwa ameolewa mbali. Alikuja mara moja kwa mwaka kulalamika kwamba nyumba inanuka moshi. Grizel hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliulizwa maneno matano, alijibu mawili. Watu walimheshimu kwa hilo, na mwaka huo wa 1649, ambapo Uskoti nzima ilikuwa ikisaka wachawi, walianza kumwogopa kwa hilo hilo.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo, Adam Usher alikuja kwake. Adam alikuwa mkulima mwenye fahali wawili, mzee wa kanisa, mtu wa miaka arobaini na kidogo ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Hakuvuka kizingiti.

"Grizel, umefua shati la binti wa fundi viatu."

"Lilikuwa chafu, Adam."

"Usinifanyie mzaha. Umekwenda nalo kijitoni bila kusema neno, ukarudi bila kusema neno. Huo ni uganga, na baraza la kanisa limekataza uganga. Utaitwa."

"Sawa," alisema Grizel. Kisha, kwa kuwa miguu ilimuuma na chungu kilikuwa kikimwagika nyuma yake, akaongeza: "Na wewe utanihitaji siku moja."

Alisema tu kama ambavyo angemwambia yeyote. Hapakuwa na nyumba Cauldburn ambayo haikuwahi kumhitaji. Lakini Adam aliondoka na maneno yale mfukoni, na Jumatatu ya pili ya Novemba alipoamka akiwa na homa, koo limevimba na taya limekaza, aliyatoa akayatazama upya. Siku ya nne hakuweza kumeza hata uji. Hapo alimwandikia mchungaji kwa mkono wake kwamba Grizel Laidlaw amemchukulia afya yake, na kwamba anataka airudishe.

Kwa watu wale hilo lilikuwa na utaratibu wake. Mgonjwa humwomba anayemshuku ampe afya yake, kwa ajili ya Mungu, mara tatu. Mtuhumiwa akisema "nakupa," mgonjwa hupona. Na mwenye kuweza kurudisha ndiye aliyechukua. Akikataa mara tatu na mgonjwa akafa, basi amemuua. Barbary Scoular wa parokia ya jirani alikuwa ameombwa na mke wa mfumaji, majira ya kuchipua yaliyopita. Barbary alimhurumia, akamshika paji la uso, akasema, "Haya, chukua afya yako, mama." Mke wa mfumaji akaamka kesho yake akala mkate. Kibali cha kumhukumu kilitoka Edinburgh baada ya wiki sita, na Barbary alinyongwa kwenye nguzo, kisha akachomwa. Grizel alimfahamu tangu wakiwa wasichana. Siku ile alikaa nyumbani, akaziba madirisha kwa majani makavu ili asisikie harufu.

Basi Alhamisi, saa tano asubuhi, Mause, mke wa Adam, alipopiga magoti matopeni mbele ya mlango wake, Grizel alijua kilichomleta kabla hajafungua mdomo.

"Mama Grizel, Adam anakuomba uje."

"Simama, utalowa."

"Nimeshalowa. Njoo, mama. Hawezi kupumua akilala. Tumemkalisha kama mtoto."

"Nani yuko naye?"

Mause alitazama chini. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho ya kuvimba, na ilionekana wazi kwamba aliagizwa asilijibu swali hilo.

"Mause. Nani yuko naye?"

"Mchungaji," alisema. Kisha kwa sauti ya chini zaidi: "Na karani. Amekuja na wino."

Grizel alirudi ndani. Sindano yake ya mfupa, ndefu, ambayo siku zote aliichomeka kifuani, aliichomoa akaiweka juu ya rafu. Kwa miaka thelathini alikuwa akipasua majipu kwa sindano ile. Alisimama akiiangalia kidogo. Kutokwenda ni sawa na kukataa, hilo alilijua. Kwenda na sindano ni kwenda na mkono unaowashwa kutibu. Alijifunga shali, akafunga mlango.

Njiani Mause alimshika mkono. "Utampa, eti mama? Utampa tu?"

"Anatema mate au anameza?"

"Anatema. Kwenye bakuli. Mchana kutwa."

"Kichwa amekiinamisha upande?"

"Upande wa kushoto. Wewe umejuaje?" Mause akauachia mkono ule kana kwamba umemuunguza.

Grizel akaongeza mwendo.

Adam alikuwa amekalishwa kwenye kitanda chake cha mbao chenye milango, mito nyuma yake, bakuli kifuani. Uso ulikuwa mwekundu, shingo imevimba upande mmoja, na mate yalichuruzika bila yeye kuyazuia. Mchungaji, Bwana Nairn, mtu mrefu mwembamba, alisimama kichwani mwa kitanda na Biblia mkononi. Karani wa kanisa alikuwa ameketi juu ya kasha la unga, karatasi magotini, kidau cha wino kando yake. Grizel alibaki karibu na mlango. Aliviringisha mikono yote miwili ndani ya shali ili kila mtu aone kwamba haigusi kitu.

Harufu ilimfikia hata pale. Aliijua.

"Anza, Mzee Usher," alisema mchungaji.

Adam alifumbua macho. "Grizel Laidlaw," alisema, na sauti ilitoka nzito na butu, kama ya mtu mwenye uji wa moto mdomoni. "Nakuomba afya yangu. Kwa ajili ya Mungu."

Kalamu ya karani ilikwaruza.

"Afya ni ya Mungu, Adam," alisema Grizel. "Mwombe yeye."

"Hilo si jibu," alisema mchungaji. "Unampa au unamnyima?"

"Siwezi kumpa nisichokuwa nacho, Mchungaji. Wala kumnyima."

"Barbary Scoular naye alianza kwa kusema hivyo."

Kipande cha mboji kavu, iliyokuwa kuni ya watu wale, kilianguka jikoni, na karani akashtuka akaandika herufi vibaya, akaifuta kwa kidole gumba.

"Ya pili," alisema mchungaji.

Adam alijaribu kuvuta pumzi. Ilipita kwa kukwama, kama maji kwenye mfereji ulioziba. Mause alipiga kelele: "Mpe, mama! Neno moja tu! Linakugharimu nini?" Wote mle ndani walijua gharama yake.

"Nakuomba…" alisema Adam, akatema, akaanza upya. "Nakuomba afya yangu. Kwa ajili ya Mungu."

Grizel alimtazama koo. Ugonjwa ule alikuwa ameuona mara mbili. Wat wake aliupata mwaka wa pili wa ndoa yao: jipu nyuma ya koo, kubwa kama yai la njiwa. Siku ya tano mchuuzi mmoja alisimama mlangoni akaanza kumwiga askofu anayemkimbiza nguruwe, na Wat, aliyekuwa nusu maiti, alicheka mpaka jipu likapasuka na usaha ukamwagika hadi kwenye viatu. Jioni akala jibini. Mara ya pili alikuwa kaka yake Barbary. Huyo halikumpasukia. Alikufa akiwa na uso wa buluu, akikuna ukuta kwa kucha.

Kwa sindano ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini mkono wake ukimgusa tu Adam Usher mbele ya wino ule, hapangekuwa na haja ya kumuuliza jingine.

"Afya ni ya Mungu," alirudia.

"Ya tatu, Mzee Usher," alisema mchungaji, na sauti yake ilikuwa imekauka. Hakuwa mtu katili. Alikuwa ameshaona nguzo moja ikiwashwa moto mwaka huo, na hakuonekana kuitamani ya pili.

Adam alijivuta kwenye mito, akakusanya pumzi. Ilimchukua muda. Na katika muda huo Grizel Laidlaw, ambaye parokia nzima haikuwahi kumsikia akisema sentensi nne mfululizo, alifungua kinywa.

"Adam. Kofia yako iko wapi?"

Adam alibaki na pumzi yake kifuani.

"Ile ya buluu. Ya sufu, aliyokufumia mama yako. Nakuuliza, mwanangu, iko wapi?"

"Mwanamke, umeombwa kitu kingine," alisema mchungaji.

"Nakuja huko, Mchungaji. Aliliambia baraza kwamba ilichukuliwa na upepo. Karani, si iliandikwa? Kwamba ni upepo?"

"Iliandikwa," alisema karani kabla hajafikiri.

"Basi upepo wenyewe ulikuwa na pembe mbili na mkia, na mmiliki wake ni Effie Rankin."

Macho ya Adam yalimtoka. Parokia nzima ilikijua kisa kile, na katika miezi mitatu hapakuwa na hata mtu mmoja aliyethubutu kukitaja mbele yake. Grizel aliongea taratibu, akipima kila neno kama mtu anayechunguza pa kukanyaga. Hakusema lolote kuhusu kesho. Hakumtaja Shetani. Hakumtakia mema wala mabaya. Kulikuwa na kisa kingine kizuri zaidi, cha Adam mwenyewe akiwa na miaka tisa, akilia uchi mbele ya moto huku akisubiri shati lake lirudi kutoka kijitoni. Lakini hicho kilikuwa na uganga ndani yake, akakimeza. Alibaki na kisa cha ng'ombe wa Effie.

"Jumapili ya Agosti. Sisi tuko kanisani, mwenzetu anazunguka vijijini kutafuta aliyekwepa mahubiri. Akafika kwa Effie. Akasikia mtu anapumua ndani. Anapumua hasa! Akajisemea, loo, mjane ana mwanamume, tena mnene. Basi mzee wetu akatia kichwa kwenye tundu la dirisha. Kichwa kikapita. Bega moja likapita. La pili likagoma."

Karani alishusha kalamu.

"Ndani hamna mwanamume. Ni ng'ombe wa Effie, amewekwa mle kwa kuwa anaumwa kwato. Hajaonja chumvi tangu Pasaka, maskini. Na hapo mbele yake kimekuja kichwa kizima, kimetoka jasho la jua. Akakilamba. Akakilamba kidevu, akakilamba pua, akakilamba masikio yote mawili, nyuma na mbele. Na mzee wetu, Mchungaji, hawezi kuingia, hawezi kutoka, akamwambia ng'ombe: 'Kwa jina la baraza la kanisa, ondoka!'"

Sauti ilitoka puani mwa Bwana Nairn. Aliinua Biblia ikafika usawa wa mdomo.

"Ng'ombe hakuwa muumini. Akamvua kofia."

"M… m…" alisema Adam.

"Sisi tunatoka kanisani. Wanawake kumi na moja. Tunakata kona, tunakuta nini? Makalio ya mzee wa kanisa yametoka ukutani, yanatuhubiria barabarani! Miguu inapiga teke. Bibi yake fundi viatu akasema, 'Jamani, huyu si Adam Usher?' Akaulizwa, 'Umemjuaje?' Akasema, 'Mbona ndivyo alivyo na upande wa mbele.' Nusu saa tulisimama nyuma ya ukuta tukiuma shali. Nusu saa, Adam. Na kinyesi cha yule ng'ombe, Effie aliniapia, kilitoka cha buluu siku mbili."

Mchungaji alikuwa amegeukia ukuta. Mabega yake yalitikisika. Karani aliangusha kidau, na wino ukaanza kutambaa juu ya kasha na karatasi bila mtu kuufuta.

Uso wa Adam Usher ulikuwa wa zambarau. Kinywa kilifunguka, taya lile lililokaza likafunguka zaidi ya lilivyofunguka siku nne, na ikatoka sauti ambayo watu hawakukubaliana baadaye ilikuwa nini. Mause alisema alikuwa akicheka. Karani alisema alikuwa akinguruma kwa hasira. Kisha sauti ikakatika. Hapakuwa na pumzi. Midomo yake iligeuka buluu, mikono ikashika hewa, na Mause akapiga ukelele ambao ulisikika mpaka barabarani. Vidole vya Grizel viliukamata ukingo wa shali. Hakusogea.

Alihesabu moja, mbili, tatu, nne.

Jipu likapasuka. Usaha na damu vilimwagika ndani ya bakuli, juu ya mto, juu ya mkono wa Mause, na uvundo ukajaa chumba kizima. Adam alikohoa, akatema, akakohoa. Akavuta pumzi ndefu, safi, ya kwanza tangu Jumatatu. Wote walisubiri atakachosema.

"Haikuwa nusu saa," alisema Adam Usher, kwa sauti inayoeleweka kabisa.

Grizel alifungiwa kwenye mnara wa kanisa siku tatu huku baraza likijadili. Aliletewa maji na mkate wa shayiri, na wanaume wawili wa zamu walikaa mlangoni wakimsikiliza kama anaongea na mtu. Hakuongea. Alijua kwamba mtu aliyepona ni shahidi mbaya kuliko maiti. Na kweli Adam, aliyekuwa tayari anakula, alishikilia: aliomba afya, akapona, basi aliyeombwa ndiye aliyempa.

"Uliomba mara ngapi?" aliuliza mzee mmoja.

"Mbili."

"Utaratibu ni tatu."

Walimwambia karani asome. Karani alisoma kilichokuwepo, wino ukiwa umekula nusu ya ukurasa: mtuhumiwa alisema afya ni ya Mungu. Mtuhumiwa alirudia. Mtuhumiwa hakumgusa mgonjwa, mikono ikiwa ndani ya shali. Mtuhumiwa aliuliza habari za kofia.

Mzee mwingine, mtengeneza mapipa, mtu wa fikra ndefu, aliuliza kama kichekesho hakiwezi kuwa uganga. Yaani, maneno yametoka kinywani mwa mwanamke, yamemwingia mtu, yamemfanyia kitu mwilini bila hiari yake. Je, si ndivyo uganga ulivyo? Wazee waliguna kwa kukubali. Swali lilikuwa zuri, na kama lingejibiwa siku ile, barua ingekwenda Edinburgh.

Mchungaji aliweka Biblia yake mezani.

"Mimi pia nilicheka," alisema.

Wazee walimgeukia, naye akaendelea. "Kama ni uganga, nami nimerogwa, tena nikiwa na Neno la Mungu mkononi. Mtaniandikaje?"

Mtengeneza mapipa alisema swali lake halikuwa na haraka. Barua haikwenda. Kwa kumdhihaki mzee wa kanisa kitandani mwake, mbele ya mchungaji, Grizel Laidlaw alihukumiwa kukaa Jumapili tatu juu ya kigoda cha toba, miguu mitupu, amevaa gunia, mbele ya watu wote. Kuhusu upepo, baraza lilisahihisha kumbukumbu zake bila majadiliano.

Jumapili ya tatu iliangukia siku ya barafu. Mahubiri yalichukua saa mbili na nusu, na watu walipotoka miguu ya Grizel ilikuwa haina hisia. Alikuwa akijisugua vidole kwa gunia pale Mause alipokuja na kusimama mbele ya kigoda. Adam alikuwa nje, sauti yake ikisikika akimkaripia mtu kuhusu uzio. Karani alikuwa bado anakusanya vitabu vya zaburi upande wa pili wa kanisa, na maneno yaliyosemwa pale yangemfikia kama angesikiliza.

"Mama Grizel," alisema Mause, "nina swali moja, kisha nisikuulize tena maisha yangu yote."

"Uliza."

"Jipu lisingepasuka, ungemwacha afe?"

Grizel alivaa soksi ya kwanza, akaivuta mpaka juu. Akamtazama Mause usoni.

"Ndiyo," alisema. "Ningemwacha."